Betri ya saa ya sola isiuzwe kwa kukadiria tundu

Chukua mfano wa mwalimu mstaafu wa Nyundo, wilayani Rubavu, mwenye saa ya mkono inayotumia mwanga wa jua. Aliipata miaka ya 1990, hajawahi kuibadilisha betri, na kwa muda mrefu amewatambia majirani kwamba saa yake haina betri kabisa. Mwaka huu imeanza kusimama usiku. Anashuka nayo sokoni Gisenyi. Fundi anafungua mfuniko wa nyuma, anatoa kidude cha duara kilicho kidogo kuliko shati lilivyo na kifungo, anachagua kingine cha ukubwa uleule kutoka kwenye kadi ya betri iliyovuka mpaka asubuhi hiyo, anakibana mahali pake na mishale inatembea. Mwalimu analipa, anashukuru, anarudi kwake. Miezi michache baadaye saa imesimama tena, na safari hii ikifunguliwa kuna unga mweupe ndani, na unga huo umekwisha kula shaba ya mashine.

Hakuna mwizi katika kisa hicho. Fundi hakudanganya, na mama aliyemletea kadi ya betri hakudanganya pia. Kila mmoja aliuza alichouziwa. Kosa liko kwenye desturi: katika njia nzima ya bidhaa hizi, kutoka maduka ya jumla ya ng'ambo hadi Kampala, Goma na Gisenyi, betri ndogo za saa zinauzwa kwa kukadiria tundu. Inayoingia ndiyo yake. Kwa saa ya kawaida desturi hiyo hupita bila madhara makubwa. Kwa saa ya sola inaua saa. Na watu wanaoweza kuikomesha mapema kuliko wote ni wafanyabiashara wadogo wanaovuka mpaka kila siku na mzigo wa mkononi, ikiwa wataamua kununua kwa namba badala ya kununua kwa macho.

Saa ya sola ina betri. Chini ya uso wake kuna kibamba kinachogeuza mwanga kuwa umeme, na umeme huo huingia kwenye seli ndogo ya kuchaji. Seli ndiyo inayoendesha saa mchana na usiku. Citizen ya Japani ilitoa saa ya mishale inayotumia mwanga mwaka 1976, na katikati ya miaka ya 1990 ikaanza kuuza zile zinazojulikana kwa jina la Eco-Drive. Casio na Seiko nazo zina za kwao. Seiko ina pia aina iitwayo Kinetic, ambayo haitegemei jua bali mtikisiko wa mkono, na za mwanzo za aina hiyo zilitumia kapasita kabla ya kampuni kuleta seli ya kuchaji badala yake. Seli za namna hii hudumu miaka mingi mno kuliko betri ya kawaida. Lakini zina mwisho, hasa saa ikikaa gizani droo kwa miaka hadi seli ikaisha kabisa. Saa za miaka ya 1980 na 1990 ndizo zinazoingia leo kwenye mitumba na kwenye urithi wa familia, kwa hiyo tatizo hili linaongezeka mezani kwa mafundi sasa hivi.

Namba ndizo za kutazama kwa makini, maana hapo ndipo fedha ya mfanyabiashara inapotea. Namba iliyo kwenye seli hueleza ukubwa wake. 621 ni seli ya upana wa takriban milimita 6.8 na unene wa milimita 2.1. 920 ina upana wa milimita 9.5 na unene wa milimita 2 na ushee. 1616 ina upana wa milimita 16 na unene wa 1.6. Herufi zinazotangulia namba ndizo zinazoeleza kilichomo ndani, na sokoni karibu hakuna anayezisoma.

Kwenye kadi ya kawaida kuna SR920, ambayo wengi huiita 371. Hiyo ni betri ya oksidi ya fedha, volti 1.55, haichajiki. Kuna MT920, ya manganizi, titaniamu na lithiamu, volti 1.5, inachajika. Kuna pia CTL920, ya kobalti, titaniamu na lithiamu, volti 2.3, nayo inachajika. Zote tatu zinaingia kwenye tundu moja, na zikimwagwa mezani pamoja mtu hawezi kuzitofautisha kwa umbo. Ndivyo ilivyo kwa SR621, yaani 364, na MT621. Ndivyo ilivyo pia kwa CTL1616, ambayo Casio imeitumia kwenye saa zake nyingi za sola, na CR1616 ya volti 3 isiyochajika, inayopatikana kila duka la vifaa vya umeme.

Fundi akiweka 364 mahali pa MT621, saa inaamka mara moja, kwa sababu volti zinakaribiana. Hapo mteja anaridhika. Kisha anatoka nje, jua linapiga uso wa saa, na kibamba cha sola kinaanza kusukuma umeme kwenye betri ambayo haikutengenezwa kupokea umeme. Betri ya namna hiyo huvimba au huvuja. Huo ndio unga mweupe wa saa ya mwalimu. Akiweka MT920 mahali pa CTL920, kosa ni jingine: volti hazitoshi saa kufanya kazi inavyopaswa, na seli yenyewe inachajiwa kupita inavyostahimili. Wahenga walisema rahisi ghali, na hapa kadi ya bei nafuu imegharimu saa nzima.

Kuna jambo la pili ambalo mchuuzi asiyelijua hununua hasara. Seli nyingi za Citizen na Seiko huja na kibati kidogo kilichochomelewa kiwandani, na kibati hicho ndicho kinachoshika mahali ndani ya mashine. Kampuni huziuza kwa namba za vipuri, za Citizen zikianza na 295 na za Seiko nyingi zikianza na 3023. Seli tupu isiyo na kibati ni nafuu, na ndiyo inayojaa sokoni. Fundi akiipata hiyo hujaribu kung'oa kibati cha zamani na kukichomelea upya kwa risasi. Joto la chuma cha kuchomelea huharibu seli ya lithiamu kabla haijafanya kazi siku moja, na laweza kuipasua usoni mwa fundi. Anayenunua seli kwa ajili ya kuuza aulize kwanza: ina kibati au haina, na kibati kimeelekea wapi? Kwa kuwa jina la mahali linaalika mzaha, Nyundo ni nyundo kwa Kiswahili na inyundo ya Kinyarwanda ni hiyohiyo, lakini kwenye kazi hii hata bisibisi nene ni nzito mno.

Si kila saa iliyosimama inataka seli mpya, na fundi mwaminifu atamwambia mteja hivyo hata kama anapoteza mauzo. Saa nyingi za sola huonya zenyewe: mshale wa sekunde unaanza kuruka sekunde mbili kwa mara moja. Maana yake ni njaa ya mwanga, na mara nyingi si kifo. Mwanga wa ndani ya ofisi ni kama lukisi 500. Nje siku ya mawingu, jinsi zilivyo siku nyingi za Rubavu, hupatikana takriban lukisi 10,000, na jua kali hufika 100,000. Mtu anayevaa koti la mikono mirefu kutwa nzima anaificha saa yake gizani bila kujua. Saa ya namna hiyo iwekwe dirishani siku kadhaa kabla ya kufunguliwa. Isiwekwe kwenye dashibodi ya gari juani, kwa sababu joto huharibu seli haraka kuliko giza. Baada ya hapo, ikiwa inajaa mchana na kuisha usiku uleule, ndipo seli ihukumiwe.

Kwa nini seli sahihi hazifiki Rubavu? Mara nyingi husemwa kwamba wateja hawapo. Hoja hiyo haina uzito mkubwa, kwa sababu wateja wapo mezani kwa mafundi kila wiki wakiuziwa kisicho sahihi. Sababu ya kweli ni njia. Betri za lithiamu zinahesabiwa kuwa bidhaa hatari katika usafiri wa anga, kwa hiyo wauzaji wengi wa Ulaya na Asia hukataa kutuma kipakiti cha seli moja au mbili kwa posta. Zinazokubaliwa husafiri kwa shehena, pamoja na bidhaa nyingine, hadi kwa muuzaji wa jumla. Muuzaji wa jumla huagiza kinachotoka haraka, yaani kadi za mchanganyiko. Mwisho wa mnyororo huo yuko mama mwenye mfuko mmoja kwenye foleni ya Petite Barrière, naye anapokea alichopewa.

Kuna kichekesho hapa ambacho hakichekeshi. Congo ndiyo inayotoa takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani. Haitoki Kivu, inatoka kusini, Lualaba na Haut-Katanga, lakini ni ya mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Kobalti hiyo hupanda malori hadi bandarini, huvuka bahari, husafishwa na kuingizwa kwenye maelfu ya aina za betri, na katika hizo imo CTL ya milimita 9.5. Kisha mtu wa Gisenyi, anayeweza kuiona Goma kutoka barabarani, anaambiwa seli hiyo haipatikani.

Forodha nayo haimsaidii mfanyabiashara mdogo wa vipuri. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo, ule wa COMESA na ule wa Jumuiya wenye cheti rahisi cha asili kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000, umewafaa sana wauza nyanya, dagaa, maharage na unga. Umewekwa kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya kanda. Seli ya Japani au China haina asili ya kanda, kwa hiyo mwenye seli 20 kwenye pochi anaangukia kundi moja na mwenye kontena. Anatakiwa ajue kwamba betri zisizochajika ziko kwenye kifungu cha 8506 na za kuchaji ziko 8507, atafute wakala wa forodha, na amlipe wakala zaidi ya faida ya mzigo wote. Matokeo yanajulikana na kila aliyewahi kusimama kwenye foleni hiyo: mzigo unafichwa. Na mzigo uliofichwa hauna risiti, hauna jina la aliyeuza, hauna mahali pa kurudishwa ukiwa mbovu. Maofisa wanapokamata seli hizo wanatimiza sheria. Lakini sheria iliyoachwa hivyo inamlinda zaidi muuza kadi za mchanganyiko kuliko anayejitahidi kuleta kitu chenye namba.

Isitoshe, sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, kwenye jedwali lake la tano, imekuwa ikitoa msamaha wa ushuru kwa vifaa maalumu vya umeme wa jua, zikiwemo betri kubwa za kuhifadhia umeme huo, kwa masharti. Nia ni nzuri. Betri ya paa la nyumba inaonekana ni ya jua, seli ya mkononi mwa mwalimu haionekani, ingawa kazi ni moja. Hakuna anayedai saa za anasa zisamehewe. Kinachofaa kudaiwa ni kidogo: vipuri vya matengenezo vya thamani ndogo, vyenye namba ya kiwanda na risiti ya mahali viliponunuliwa, vipite kwenye dirisha lilelile la wafanyabiashara wadogo, kwa ushuru uliobandikwa ukutani kwa Kiswahili, bila wakala. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vimepigania nyanya na vikasikilizwa. Vinaweza kupigania hili.

Wapo watakaosema haya yote ni makelele juu ya saa za kizamani, na kwamba kila mtu sasa anatazama saa kwenye simu. Labda hawajavuka mpaka mara nyingi. Rwanda na mashariki ya Congo wako kwenye saa moja, lakini Uganda iko mbele kwa saa nzima, na karibu na Cyanika simu inaweza kudaka mnara wa upande wa pili na kuruka saa yenyewe. Simu huisha chaji. Saa za kufunga mpaka kati ya Gisenyi na Goma zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu 2022, na anayefika lango limefungwa hulala upande ambao hakupanga, na samaki wake nao. Mfanyabiashara wa namna hiyo ana sababu ya kutaka mshale unaotembea mkononi.

Hata hivyo hoja kubwa zaidi iko nje ya saa. Kosa lilelile linafanyika kwenye taa za sola, na taa za sola ziko kila kilima. Ndani ya nyingi kuna seli ya umbo la kidole, 18650, yenye upana wa milimita 18 na urefu wa 65. Nyingine ni za volti 3.2, nyingine ni za volti 3.7. Umbo ni moja, tundu ni moja, na vinavyozichaji ni tofauti. Ya 3.2 ikiwekwa kwenye taa iliyotengenezwa kwa 3.7 husukumiwa umeme kupita kiasi. Ya 3.7 kwenye taa ya 3.2 haijai kamwe, na mwenye taa hulalamika kwamba sola za siku hizi ni mbovu. Mchuuzi aliyejifunza kusoma herufi za seli ya saa hatashindwa kusoma volti za seli ya taa, na huko ndiko kuliko na wateja wengi.

Kinachohitajika kwake hakina gharama kubwa. Daftari moja: fundi anapofungua saa anaandika namba iliyo kwenye seli ya zamani na namba ya mashine iliyochongwa nyuma ya saa, kisha mchuuzi anasafiri na karatasi hiyo kwenda Kampala au Kigali badala ya kusafiri na seli mbovu mfukoni na kusema nataka kama hii. Mafundi kadhaa wakiunganisha mahitaji yao, muuzaji wa jumla ana sababu ya kuagiza. Seli ya kuchaji inunuliwe ikiwa ndani ya kipakiti chake chenye muhuri, kwa muuzaji atakayeirudisha, kwa sababu mita ya umeme peke yake haiwezi kumhakikishia mtu kwamba seli ya volti 1.5 inachajika au haichajiki. Isiyo na kipakiti ibaki kwa aliyenayo. Na kwa zile saa za zamani mno ambazo seli yake haitengenezwi tena, fundi amwambie mwenye saa ukweli: njia iliyopo ni kukata mawasiliano ya kibamba cha sola na kuweka betri ya kawaida, ili saa itembee na sola ibaki pambo. Wapo watakaokubali. Waambiwe kabla, si baada.

Seli zilizotolewa nazo zisiachwe mezani. Mtoto akimeza betri ya kidonge, hasa ya lithiamu, koo linaweza kuungua vibaya ndani ya saa mbili. Hapo ni hospitali mara moja, si kungoja asubuhi. Zikusanywe kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko, na chupa ikijaa ipelekwe kwa wanaokusanya taka za vifaa vya umeme. Rwanda ina kiwanda cha kuzichakata Bugesera, jambo ambalo majirani wengi hawana.

Saa ya mwalimu wa Nyundo bado inaweza kuponywa ikiwa unga haujafika kwenye koili. Fundi ataisafisha kwa brashi laini na spiriti, atabadilisha mpira wa mfuniko, na ataandika kwenye karatasi: MT621, yenye kibati, pamoja na namba ya kipuri inayoanza na 295. Karatasi hiyo itaondoka na mama wa kwanza anayepanda basi la Kampala wiki hii.